Joto la mazutu: kutoka mbabula ya Musonoi hadi boila ya Ubelgiji

Kupasha nyumba joto kwa mazutu ni kuwasha moto mmoja kwa ajili ya vyumba vyote. Moto huo hufungiwa ndani ya boila, aghalabu katika chumba cha chini ya nyumba au gereji. Hupasha maji, na pampu huyasukuma maji hayo kwa mabomba hadi kwenye rejeta za chuma zilizotundikwa ukutani. Yakishapoa hurudi kwenye boila na kuanza mzunguko upya. Mafuta yake ni ndugu wa karibu wa yale yanayoendesha malori ya machimboni na jenereta za Kolwezi, mji wa machimbo kusini mwa Kongo. Ubelgiji huyatia rangi nyekundu, kwa kuwa kodi yake ni ndogo kuliko ya mafuta ya magari: mkaguzi akikuta wekundu kwenye tangi la gari, dereva ana kesi ya kujibu.

Musonoi, makazi ya kando ya Kolwezi, hakuna mfumo wa namna hii, wala hauhitajiki. Mtu wa Musonoi hukutana nao akihamia nchi ya baridi, na kwa Wakongo nchi hiyo mara nyingi imekuwa Ubelgiji, ambako wengi wao wameweka makazi Bruxelles, Liège na Charleroi. Mijini nyumba nyingi hutumia gesi ya bomba. Mazutu yameshika zaidi Wallonie, mkoa wa kusini, hasa vijiji vya Ardennes ambako bomba la gesi halifiki. Huko ndiko viliko pia baadhi ya vituo vya kupokea waomba hifadhi, na kodi ya nyumba ni nafuu kuliko ya Bruxelles, kwa hiyo mgeni mwenye kipato kidogo ana nafasi kubwa ya kuangukia kwenye nyumba yenye tangi. Hali inafanana katika jimbo la Maine, Marekani, linaloongoza nchi nzima kwa sehemu ya nyumba zinazopashwa kwa mafuta. Mji wake wa Portland ulipokea mamia ya waomba hifadhi, wengi wao Wakongo na Waangola, katikati ya mwaka 2019. Ireland ya Kaskazini nayo zaidi ya nusu ya nyumba hutegemea mafuta.

Wengi hudhani kitakachowashinda ni mashine. Mashine hueleweka kwa nusu saa. Kinachosumbua kwa miezi ni kwamba joto limeondoka machoni, na linalipiwa kwa mkupuo kabla halijatumika. Uzito wa mabadiliko hayo hauonekani bila kuangalia joto linavyopatikana Musonoi.

Kolwezi iko kwenye uwanda wa juu, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba, anga likiwa kavu na halina mawingu, usiku huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na anayedhani Afrika haina baridi hajaamka saa kumi na moja alfajiri Musonoi wakati huo. Makazi yenyewe yalikua kando ya machimbo ya shaba ya Union Minière, kampuni iliyoanzishwa 1906 na kutaifishwa 1967, ambayo mali zake ndizo zilizozaa Gécamines. Nyumba za matofali na mabati hazikujengwa kuzuia baridi. Baridi hukabiliwa mwilini, kwa blanketi, sweta na kofia ya sufu, na kwa mbabula.

Mbabula ni jiko la bati lililotobolewa matundu ubavuni, mara nyingi kazi ya fundi wa mtaani aliyekata pipa au bati kuukuu. Hujazwa makala, yaani makaa ya kuni, huwashwa nje mlangoni na kupepewa hadi moshi ukatike na makaa yawe mekundu. Kwanza huivisha bukari, yaani ugali, na sombe, majani ya muhogo. Joto la kuota ni nyongeza inayobaki baada ya sufuria kuteremshwa. Makala hununuliwa kwa gunia na mwenye nafasi, na kwa fungu na asiye nayo, kulingana na franka zilizoko siku hiyo. Moto ukififia, kila mtu anauona.

Nyuma ya fungu hilo kuna safari ndefu. Mwaka 2017 Mfaransa Emmanuel Gras alitoa filamu ya *Makala*, iliyomfuata Kabwita Kasongo akikata mti, akiuchoma chini ya udongo, kisha akisukuma baiskeli iliyosheheni magunia hadi Kolwezi. Filamu hiyo ilishinda tuzo kuu katika Wiki ya Wahakiki huko Cannes. Tanuri la udongo lina hasara kubwa: kilo moja ya makaa huweza kumeza kilo 5 hadi 10 za kuni. Misitu ya miombo imekuwa ikirudi nyuma kuzunguka miji ya Katanga kwa sababu hiyo, ingawa mashamba na machimbo nayo yana mkono wake.

Umeme ungeweza kulipunguza tatizo, maana jimbo la Lualaba, lenye mto wa jina hilohilo, halina njaa ya maji. Bwawa la Nzilo, si mbali na Kolwezi, lilianza kazi miaka ya 1950, na Nseke, chini yake kwenye mto uleule, likafuata mwaka 1956. Yote mawili yalijengwa kwa ajili ya viwanda vya Union Minière. Mwaka 1982 ilifika Kolwezi pia laini kubwa ya umeme kutoka bwawa la Inga, yenye urefu wa kilomita zipatazo 1,700, nayo shabaha yake ilikuwa shaba. Nyumba za watu zimekuwa zikipata kinachobaki, kwa mgao. Ndiyo sababu familia nyingi huweka jiko la umeme na mbabula pamoja: umeme ukija wanapikia umeme, ukikatika wanarudi kwenye makala. Tabia hii ya kutotegemea moto mmoja ni akili, na ikifika Ulaya hupotea haraka.

Katika nyumba ya mazutu, kazi yote ya kupepea na kukoleza hufanywa na kichomeo kilichofungwa mbele ya boila. Pampu ndogo huvuta mafuta kutoka tangini na kuyasukuma kwa nguvu kwenye nozeli, ambako hutoka kama ukungu. Feni huleta hewa, cheche ya umeme huwasha, na jicho la kielektroniki hutazama kama mwali umetokea. Usipotokea katika sekunde chache, kichomeo hujifunga na taa nyekundu huwaka. Kitufe cha taa hiyo huruhusiwa kubonyezwa mara moja, pengine mbili. Anayekibonyeza mara kumi kwa hasira hujaza mafuta mabichi kwenye chumba cha moto, na siku yakiwaka yote kwa pamoja hutoa kishindo na masizi ambayo fundi huyajua kwa harufu kabla hajashuka ngazi.

Jambo moja huwashangaza waliozoea mgao: boila hii haifanyi kazi bila umeme. Kichomeo, feni na pampu ya maji vyote vinauhitaji, hivyo tangi laweza kuwa limejaa lita 2,000 na nyumba ikawa barafu kwa sababu nyaya zimeanguka kwenye theluji. Katika nchi hizi umeme hukatika kwa nadra, lakini hukatika, na hukatika zaidi usiku wa dhoruba, wakati joto linapotakiwa kuliko wakati wowote.

Maji ndani ya mabomba ni yaleyale yanayozunguka mwaka hadi mwaka. Saa ya presha kwenye boila huonyesha kwa kawaida kati ya bar 1 na 2 maji yakiwa baridi. Ikishuka chini ya 1, huongezwa kidogo kwa bomba maalumu. Rejeta ikiwa na joto chini na baridi juu, hewa imenaswa ndani yake. Dawa yake ni ufunguo mdogo unaouzwa kwa bei ya mkate: unazungushwa polepole kwenye skrubu ya pembeni juu, kikombe kikiwa chini yake, hewa inafoka kwa sauti nyembamba, kisha yanafuata matone meusi yenye harufu ya chuma. Hapo hufungwa, kikombe huondolewa, na presha hutazamwa upya.

Makosa ya majira ya baridi ya kwanza huwa kwenye namba. Kila rejeta ina kirungu chenye namba 1 hadi 5, na mgeni aliyeingia ndani akitetemeka huzungusha hadi 5 akitaka joto lije upesi. Haliji upesi. Namba hizo huagiza kiwango cha joto la chumba, wala hazihusiani na kasi: 3 ni karibu nyuzi 20, 5 ni joto ambalo mtu huishia kulikimbia kwa kufungua dirisha. Mbabula inamfundisha mtu kwamba makaa zaidi ni moto zaidi sasa hivi, na somo hilo, sahihi kabisa Musonoi, hapa linachoma pesa. Mahesabu ya kawaida ni kwamba kushusha chumba kwa nyuzi moja kunapunguza mafuta kwa asilimia 6 au 7. Themostati ya sebuleni nayo husikiliza hewa inayoizunguka. Ikiwekewa taa ya joto karibu huamini nyumba imepata, na vyumba vya kulala hubaki vikiganda. Sofa iliyosukumwa hadi kwenye rejeta hupata joto ambalo lilikuwa la watu.

Uamuzi mgumu zaidi ni wa tangi. Lita moja ya mazutu ina nishati ya kilowati-saa 10 hivi, zaidi kidogo ya ile iliyomo katika kilo ya makaa, na boila nzuri hufikisha sehemu kubwa yake kwenye maji, ilhali mbabula hupoteza sehemu kubwa hewani. Lakini mbabula hupasha watu watano waliokaa kuizunguka. Boila hupasha kuta, ngazi, korido na chumba cha mgeni asiyekuwepo. Nyumba ya familia ya Kibelgiji isiyo na kinga nzuri ya baridi huweza kutumia karibu lita 2,000 kwa mwaka, na mwezi wa Januari peke yake ukala lita 300 na ushei. Boila nyingi hupasha pia maji ya kuoga, hivyo tangi hushuka hata mwezi wa Agosti.

Wauzaji wengi hawatumi lori kwa chini ya lita 500. Serikali ya shirikisho hutangaza bei ya juu kabisa inayoruhusiwa, ambayo hubadilika kufuata soko la mafuta, na anayeagiza lita 2,000 au zaidi hulipa kidogo kwa kila lita kuliko anayeagiza chini ya hapo. Kwa maneno mengine, maskini hununua ghali, kama vile anayenunua makala kwa fungu anavyomzidi kwa gharama anayenunua gunia. Tofauti ni kwamba fungu Musonoi humgharimu mtu sehemu ya kipato cha siku, na fungu dogo kabisa la mazutu laweza kumla nusu ya mshahara wa mwezi. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei kupita euro 1 kwa lita, familia nyingi zilizokuwa zimejipanga kwa bei za mwaka uliotangulia zilikwama katikati ya majira ya baridi. Serikali ilitoa msaada wa mara moja, ulioishia kuwa euro 300 kwa kila kaya yenye tangi. Ulikuwa msaada wa kweli, ila usiojaza hata lita 300.

Kwa wenye kipato kidogo kuna njia ya kudumu zaidi. Fonds Social Chauffage, mfuko ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hugharimia sehemu ya mazutu hadi lita 1,500 kwa mwaka kwa kaya. Maombi hupelekwa CPAS, ofisi ya ustawi wa jamii ya kila manispaa, ndani ya siku 60 tangu mafuta yaletwe. Anayesubiri majira ya baridi yaishe ndipo akusanye karatasi huwa amekwisha kupoteza haki yake, na hili huwapata zaidi wageni, ambao husikia habari za mfuko kutoka kwa jirani mwezi wa nne. Mfuko una pia fungu maalumu kwa wanaonunua mafuta kidogo kidogo kwa jerikani kwenye vituo. Wauzaji walioandikishwa serikalini huruhusu malipo kwa awamu. Hata hivyo chombo kinachofaa kuliko vyote Wakongo walikuja nacho: likelemba, mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu. Zamu ikipangwa ili mwenye tangi apokee kiangazi, mahitaji yakiwa madogo na bei mara nyingi ikiwa nafuu, huvuka mstari wa lita 2,000 bila kukopa kwa mtu.

Kuliacha tangi liishe kabisa ni kosa ghali. Mashapo na maji yaliyotuama chini huvutwa kwenye chujio, hewa huingia kwenye bomba, na hata lori likija siku hiyohiyo boila haitawaka mpaka fundi aitoe hewa na kusafisha. Matangi mengi yana kipimo, lakini vipimo vya zamani hudanganya. Kijiti kilichotumbukizwa hakidanganyi.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote haitoki kwenye mazutu. Inatoka kwa mtu ambaye tangi limemwishia na anayekumbuka mbabula. Makaa yanayong'aa bila moshi hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Musonoi kwenyewe gesi hiyo imekuwa ikiua waliolala na mbabula chumbani, mlango umefungwa. Lakini nyumba nyingi za mabati zina mianya kati ya ukuta na paa, na upepo unaoingia humo humwokoa mtu bila yeye kujua. Nyumba ya Ulaya imezibwa makusudi: madirisha ya vioo viwili, mipira kwenye milango, povu ukutani. Makaa yaliyokuwa yakiumiza kichwa Kolwezi hapa huua familia kabla ya alfajiri. Hakuna namna salama ya kuleta mbabula au jiko la kuchomea nyama ndani ya nyumba hizo, hata kwa robo saa, hata dirisha likiwa wazi. Jenereta kwenye gereji iko katika kundi hilohilo.

Boila yenyewe hutoa gesi hiyo ikikosa hewa au dohani ikiziba, kwa kiota cha ndege au kwa masizi. Matundu ya hewa ya chumba cha boila hayazibwi kwa matambara, hata kama yanaleta baridi. Dalili za gesi hiyo ni kichwa kuuma, kichefuchefu na miguu kulegea, na alama inayotofautisha na mafua ni kwamba huwapata wote waliomo ndani kwa pamoja na hupungua wakitoka nje. Hapo hutoka kila mtu, na namba ya dharura 112 hupigwa kutoka nje. Kengele ya kugundua gesi hii hugharimu makumi machache ya euro. Hakuna kifaa kingine chenye faida kubwa zaidi kwa bei hiyo.

Kuziba nyumba kuna tatizo jingine, dogo lakini la kila siku. Sufuria ya bukari, maji ya kuoga, nguo zilizoanikwa juu ya rejeta na pumzi za watu sita hujaza hewa unyevu, ambao hugeuka matone kwenye kioo na pembe za kuta zenye baridi; baada ya wiki kadhaa huota kuvu jeusi, na watoto wenye pumu ndio wa kwanza kulisikia. Mwenye nyumba husema wapangaji hawapitishi hewa, wapangaji husema ukuta ni mbovu, na mara nyingi wote wana sehemu ya ukweli. Kinachosaidia ni kufungua madirisha wazi kabisa kwa dakika kumi, asubuhi na jioni, kisha kufunga. Dirisha lililoachwa na upenyo kutwa nzima hupoza ukuta bila kuukausha.

Kwa mpangaji, karatasi zina uzito. Kiasi cha mafuta kilichomo tangini kiandikwe siku ya kuingia, la sivyo mjadala wa siku ya kutoka hautaisha. Boila ya mazutu hukaguliwa kila mwaka katika mikoa yote mitatu ya Ubelgiji. Kwa desturi mpangaji hulipia ukaguzi na usafishaji wa dohani, mwenye nyumba hulipia kubadilisha kilichochakaa. Katika jengo la fleti lenye boila moja, kila rejeta mara nyingi huwa na kipimo chake na hesabu hufungwa mwishoni mwa mwaka. Anayedhani malipo ya kila mwezi yamemaliza deni hushtuka akiletewa nyongeza.

Mfumo huu uko njiani kuondoka. Lita moja ya mazutu ikiungua hutoa karibu kilo 2.7 za kaboni dioksidi, na tangu 2022 Flandre imepiga marufuku boila za mazutu katika nyumba mpya na ukarabati mkubwa. Bruxelles imezuia kufungwa kwa boila mpya za mazutu tangu katikati ya 2025. Kinachopendekezwa badala yake ni pampu ya joto inayotumia umeme, nayo ina shaba ndani yake, wakati injini na betri za nchi hizo zinazidi kuitamani shaba na kobalti ya Lualaba. Lakini pampu hufanya kazi vizuri katika nyumba iliyokwisha kuzibwa vyema, na mpangaji wa nyumba kuukuu ya Ardennes hana sauti juu ya povu la ukuta wa mtu mwingine. Kwa hiyo walio wa mwisho kuachana na mazutu watakuwa wale wale wanaoyalipia kwa shida.

Tangi nalo halisahauliki kirahisi. Wallonie matangi ya lita 3,000 na zaidi hupewa kibandiko baada ya kupimwa: cha kijani huruhusu kujazwa, cha chungwa huruhusu kwa muda, chekundu huzuia. Lililozikwa ardhini likiacha kutumika hunyonywa, husafishwa, kisha huondolewa au hujazwa mchanga au povu gumu, na cheti cha kazi hiyo hutakiwa nyumba inapouzwa. Mafuta yaliyovujia udongoni husafishwa kwa gharama ya mwenye mali, na gharama hiyo huweza kuzidi thamani ya boila kumi.